Maelezo ya Isaiah Mosonik Kuhusu Binti Yake Aliyefungwa Mnyororo

KITUO CHA POLISI, KAPKATET
Alhamisi, 14 Machi 1996, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Jina: Isaiah Kipngeno arap Mosonik
Umri: Miaka 49
Kazi: Mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa
Makao: Karibu na soko la Kapkatet, Bureti

Mimi ni baba yake Nelvine Cherono, mwenye miaka kumi na saba. Mama yake ni Janeffer. Ninaeleza kwa Kiswahili, lugha ninayoielewa, na hakuna mtu aliyenilazimisha.

Nelvine aliugua Mei 1994 akiwa kidato cha pili, shule iliyo upande wa Kabianga. Alikuwa hapati usingizi, akawa anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Alisema wachuma chai wa jirani wanahesabu pumzi zake. Alipewa dawa, akatulia, halafu akaanza kuzikataa. Mnamo Septemba 1995 alitoka nyumbani jioni, akapotea siku mbili. Wachuma chai walimpata asubuhi kwenye mtaro, nguo zimelowa, miguu imejaa miiba. Daktari wa Kapkatet alituambia tumtafutie mahali pa kulazwa, kwa sababu siku nyingine hatutampata.

Tulizunguka mahali patatu, mimi na mke wangu.

Jumanne tarehe 3 Oktoba tulienda hospitali ya serikali yenye wodi ya wagonjwa wa akili. Ni mbali, tulitoka nyumbani giza na kurudi giza. Nesi mmoja alituonyesha wodi yote, hata choo. Alisema dawa ziko, lakini vitanda havitoshi, na msichana wetu atalala na mwenzake kitanda kimoja. Mke wangu alimpenda huyo nesi kwa sababu hakuficha. Mimi nilikataa. Niliona hakuna mtu pale wa kumsemesha Nelvine kwa Kipsigis, na sisi tungemwona labda mara moja kwa miezi miwili.

Ijumaa tulienda nyumba moja ya maombi. Mhubiri alisema dawa zitupwe na mtoto afunge kula siku saba. Hatukukaa.

Jumapili tarehe 8 Oktoba, baada ya kanisa, tulienda Makao ya Utulivu, nyumba ya mtu binafsi inayotunza wagonjwa wa akili, barabara ya kwenda Bomet. Mwenyewe ni Johana arap Sitienei, ambaye alisema aliwahi kuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini. Alitukaribisha kwa mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu. Blanketi zilikuwa safi. Wasichana watatu walikuwa wanafuma sweta kwenye jua, wakiimba. Nilimwuliza mgonjwa akitaka kukimbia wanafanyaje. Akasema, "Tunamtuliza." Sikuuliza kwa njia gani. Mke wangu aliomba kuona nyumba iliyo nyuma ya jiko. Sitienei akasema wagonjwa wa huko wamelala. Ilikuwa saa nane mchana. Mke wangu akauliza tena. Nikamwambia kwa Kipsigis aache kumsumbua mzee wa watu. Naomba hilo liandikwe.

Jumatano tarehe 11 tulimpeleka. Nilitia sahihi karatasi inayosema ninakubali azuiwe kwa njia yoyote itakayoonekana inafaa. Niliisoma kabla ya kutia sahihi. Janeffer hakutia. Nelvine aliniuliza, "Baba, mnaniacha siku ngapi?" Nikamwambia mpaka apone.

Wageni waliruhusiwa Jumapili ya mwisho wa mwezi peke yake. Tulienda Novemba, Desemba na Januari. Kila mara tulimkuta ameketi kwenye kiti, sketi ndefu, nywele zimesukwa. Hakusimama kutusalimia hata siku moja. Sitienei alisema ni dawa zinalegeza miguu. Mke wangu alilia njiani. Mimi nilifurahi kwamba ametulia, na nilimwambia hivyo.

Jumanne tarehe 20 Februari 1996, kama saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye kituo cha kupimia majani chai. Alinijia mama anayeitwa Aoko, ambaye ni mpishi wa makao hayo. Alinivuta kando, akasema, "Baba Nelvine, usingoje siku ya wageni. Njoo siku ambayo hawakutarajii." Nilimwuliza kuna nini. Akasema yeye hawezi kulisema, niende nione.

Tulifika kesho yake saa tatu na nusu. Aoko alitufungulia geti. Nyumba ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa kufuli upande wa nje, na Aoko alikuwa na ufunguo wa kupelekea chakula. Ndani kulikuwa na watu kumi na wawili, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Kila mmoja alikuwa na mnyororo mguuni, umeshikizwa kwenye chuma kilichojengewa sakafuni. Nelvine alikuwa wa mwisho, karibu na ukuta. Nilisikia harufu ya kidonda inatoka kwake. Aliposikia sauti yetu alivuta sketi kufunika mguu wa kushoto, akasema, "Mama, usiangalie."

Mama yake aliangalia. Mimi nilitoka nje kwanza, halafu nikarudi.

Sitienei alikuja na hakukataa lolote. Alileta ile karatasi. Aliniambia, "Ulitaka nifanye nini, Mosonik? Afie mtoni?" Janeffer alinyoosha mkono, akachukua ufunguo wa mnyororo kutoka mkononi mwake, naye akamwachia.

Tulimfikisha hospitali ya Kapkatet saa saba mchana. Tarehe 24 Februari madaktari walikata mguu huo wa kushoto chini ya goti, kwa sababu kidonda cha mnyororo kilikuwa kimeoza.

Jumapili iliyopita wazazi wanne wenye watoto kule walikuja nyumbani kwangu kuniomba nisiandikishe maelezo. Mama mmoja mjane, Chepchumba, ana kijana wa miaka ishirini na nane ambaye aliwahi kuchoma nyumba. Alisema, "Wakifunga pale, nitamfunga mwenyewe kwangu, na mimi nina kamba tu." Hakusema kwa hasira. Tuliwapa chai, wakanywa, wakaondoka. Imenichukua siku nne kufika hapa.

Mke wangu amerudi kwa yule nesi, na nusu kitanda bado kipo. Jana hospitalini nilimwuliza Nelvine mwenyewe anataka tumpeleke wapi. Akasema kwanza anataka kufika nyumbani akaoge.

Hayo ndiyo ninayoyajua, kwa macho yangu na kwa makosa yangu.

(Sahihi) I. K. Mosonik

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Joab Omuga, nikamsomea shahidi, akakubali ni sawa. Karatasi ya makao aliileta mwenyewe na imeambatishwa. Nimeuliza ofisi ya afya na ofisi ya mkuu wa tarafa kuhusu wagonjwa kumi na mmoja waliobaki. Hakuna mahali palipopatikana. Mpaka saa hii wangali katika nyumba ile ile, bila minyororo baada ya askari wetu kuwafungua, wakiangaliwa na askari mmoja na mpishi.