Neno la Siri Lililotangazwa Msibani

Shangazi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo mkono unakataa kuandika.

Nimeshikwa na kinyaa, wacha niseme. Jeneza lako lilikuwa bado halijafika nyumbani, mwanao Elia akasimama chini ya turubai akawatangazia waombolezaji neno la siri la kompyuta ya kiwanda chako cha mafuta ya alizeti, eti kamati ya mazishi inataka kuchapa ratiba. Lilelile ulilomnong'oneza ukiwa umelazwa! Watu wakacheka: kumbe ni jina la mbuzi wako wa utotoni kule Mpwapwa. Khaa! Mimi uliyenilea, kila ulipoliandika uliniambia, "Geuka, tazama ukuta," mpaka siku ulipoamua kuniamini.

Basi kompyuta ikawa kisima cha kijiji. Huyu kaja na kadi za harusi, yule na michango ya kipaimara, kila mtu na disketi yake iliyotoka kusikojulikana. Nikamwambia Elia tubadilishe neno. Akanijibu, "Unataka kumfuta mama?" Mama gani, jina la mbuzi? Virusi vikaingia, vikala rekodi zote: mbegu za kila pipa la mafuta zilitoka kwa mkulima gani, zilikamuliwa lini, maabara walisema nini.

Mkaguzi wa viwango alipokuja hapa Kizota, hatukuwa na la kumwonyesha. Akafunga kiwanda. Kina mama wa kupepeta alizeti wakarudi makwao na nyungo zao. Na unajua Elia alisema nini? "Tutunge rekodi nyingine, nani atajua? Siku hizi biashara huria." Ptuu! Ulipoanza na ile mashine ya mkono, viwanda vya umma vikifa kimoja kimoja, wachanganyaji wa mafuta machafu walikuwa na kisingizio hichohicho. Wewe ulisema watu watanunua yetu kwa sababu tunaweza kuwaambia yametoka wapi.

Kilichotuokoa ni kile kilindo cha gome cha bibi, alichokuwa akihifadhia mbegu. Kila Ijumaa ulinituma ninakili rekodi kwenye disketi, niipeleke nyumbani, niitie humo kwenye mbegu. Nilikuwa nakucheka. "Mbegu zote haziwekwi nyumba moja," ulinijibu, "ikiungua utapanda nini?"

Disketi ya mwisho ilikuwa ya wiki uliyolazwa. Nilimpelekea mkaguzi, nikamwambia wazi kwamba mapipa ya mafuta yaliyokamuliwa baada ya hapo hayana rekodi na hatutayauza kwa mtu ale. Tumewapa watengeneza sabuni. Akapima yaliyobaki, akafungua. Elia hasemi nami mpaka leo. Asiseme! Mashine inanguruma, kina mama wamerudi, wananiuliza kama nimekula, kama ulivyokuwa ukiwauliza wao.

Nimekukosa, Shangazi. Nikikaa kwenye kiti chako bado nageuka kutazama ukuta, kama mjinga. Hakuna anayeandika.

Lala salama. Neno nimelibadilisha jana. Nakuahidi halitatangazwa kwenye msiba wa mtu, hata wangu. Na usinune huko uliko: hata wewe sikwambii.