Mashine Ilikuwa Nzima, Mwanangu

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu udondoke pale ofisini kwenu ukiwa unasuuza kikombe cha chai. Wenzako walikukimbiza hospitali, lakini nilipofika ulikuwa umeshaondoka. Waliniambia mshipa wa kichwani umepasuka kwa sababu ya presha. Ulikuwa na miaka arobaini na moja.

Mimi mama yako niliishia darasa la saba, kuandika siyo kazi yangu. Ila shangazi yako amesema nisimwachie mtu mwingine, maana mwingine atayapamba maneno. Basi siyapambi. Naandika nikukumbuke wewe, na aliye hai asikie.

Nyumbani tulikuita Mkaguzi. Hakuna aliyelala kabla hujapita kila chumba ukichomoa plagi, na hata friji hukuiacha. Maziwa yakachacha, mdogo wako akalalamika, ukamjibu kwamba maziwa yanauzwa dukani. Wageni walicheka. Sisi tulijua ulikoitoa tabia hiyo. Ulikuwa na miaka kumi, mdogo wako sita, nyumba yetu iliposhika moto kwa shoti ya umeme. Baba yako alikupitisha wewe dirishani, akampitisha na mdogo wako, akarudi ndani kunitafuta mimi. Mimi nilikuwa nimeshatokea mlango wa nyuma. Yeye hakutoka tena.

Ulisoma, ukasoma, mpaka nikawa nauliza hiyo shule ina mwisho. Ukarudi mtaalamu wa epidemiolojia, neno ambalo shangazi yako analitamka kama anayepita juu ya kokoto pekupeku. Siku ya kwanza alikuja na kichwa kinamgonga, akakuomba dawa, ukasema huna. "Daktari gani huyu," akasema, "hata kidonge cha kichwa hana?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ndipo ukamweleza kwamba wenzako wanamtibu mgonjwa, wewe unauliza kwa nini mtaa huu unaugua kuliko mtaa ule.

Ulichokuwa unakitafuta nilikielewa, maana ulinieleza polepole tukimenya vitunguu. Ulikwenda kwa watu waliopatwa na makubwa, mafuriko, ajali, kupigwa utotoni, ukaangalia miili yao inaendeleaje miaka mingi baadaye. Ulisema hofu kubwa haiishi siku ile ile. Mtu anaoa, anajenga, anacheka na watu, na huku mwili wake umebaki umejikunja kama unaotaka kukimbia. Watu wa namna hiyo presha na maradhi ya moyo huwafuata zaidi. "Siyo wote, mama," ukanisahihisha. "Lakini ni wengi kuliko wanavyodhani wenyewe."

Na ulikuwa na namna yako ya kufanya kazi. Hukufika kwa mtu ukaanza na maswali. Ulimsaidia kwanza alichokuwa anafanya, mkaanua nguo, mkachambua mchele, halafu ukamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi, ukampima, ndiyo ukauliza. Tena ulimwambia ana ruhusa ya kunyamaza. Fundi saa mmoja, mtu mzima, alinyamaza kweli kweli. Ukawa unarudi, mnaongea habari za saa tu, unaaga. Siku moja akaanza kusema mwenyewe kabla hujavuta kiti. Alikuja msibani. Aliniambia kwamba ulimuuliza jambo ambalo hata mkewe hajawahi kumuuliza, na kwamba hukumtazama kwa huruma, ulimsikiliza tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila asubuhi kabla ya kwenda mitaani mlizijaribu mashine za presha. Ulihitajika mkono wa mtu, na mkono ukawa wako, kwa kuwa ulikuwa unatangulia kufika. Haya niliyapata kwa nesi mliyekuwa mkifanya naye kazi, tukiwa jikoni siku za msiba. Alisema mashine ikifungwa mkononi mwako ilisoma juu, mkasema imeharibika. Mkachukua ya pili, nayo ikasoma juu, mkasema zimetoka kiwanda kimoja hizi. Mkazipeleka kwa fundi wa mashine. Fundi akazirudisha, akasema hazina kasoro. Mkamcheka, na wewe ndiye uliyeanza, ukasema huyo hata pasi ya nguo hawezi kuitengeneza. Kesho yake ulichelewa, wakatumia mkono wa dereva. Mashine zikasoma sawasawa. Mkafurahi kwamba zimepona.

"Tuliona, mama," nesi akaniambia. "Kila siku tulikuwa tunaona, na tukasema ni mashine."

Sikumlaumu, na wewe sikulaumu. Ninyi watu wa kupima mmezoea kwamba mgonjwa ni yule aliyekaa upande wa pili wa meza. Kinyozi hajinyoi, tunasema, na watu hucheka. Mimi msemo huo siusemi tena kwa mzaha.

Akabaki mdogo wako. Naye alipita dirisha lile lile. Anachomelea vyuma kama unavyomjua, na ulizoea kumtania kwamba ameamua kulipa kisasi kwa moto. Tangu tukuzike nimeishi na roho mkononi. Akijishika kichwa tu, mimi naacha kutafuna. Mkewe alimsihi akapimwe, shangazi yako akamsihi. Akasema yeye mzima, anabeba vyuma kutwa. Akasema mwezi ujao, na mwezi ujao nao ukawa na mwezi ujao wake.

Nikamchukua yule nesi, tukaenda karakana kwake mchana kweupe, wateja wamekaa. Aliponiona akadhani kuna msiba mwingine. Nikamwambia, "Sijaja kukubembeleza. Nimezika mume, nimezika binti. Vua glavu, toa mkono."

Akavua. Mashine ikasoma juu. Akamtazama nesi. Mteja aliyekuwa anangoja geti lake akasogeza kiti, akasema basi na yeye apimwe maadamu foleni ni fupi. Tukacheka wote, na mdogo wako akacheka.

Sasa anakunywa dawa kila asubuhi. Pia anakwenda kwa mshauri nasaha pale hospitali, mahali anapopaita "kwa kukalishwa", maana unakalishwa uongee, na analalamika njia nzima. Lakini juzi alikuja kula kwangu, akaweka kijiko chini, akanisimulia moto ule mwanzo mpaka mwisho. Sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Alipomaliza akaongeza chakula.

Kwa hiyo nawaambia wanaosoma hapa, ninyi manesi, zimamoto, walimu, polisi, ninyi mnaosikiliza shida za watu kutwa. Mkapimwe. Na mkishapimwa, mkubali mlichoonyeshwa. Aliyewahi kupatwa na kubwa asiseme lilipita zamani. Binti yangu aliyajua haya kuliko sisi sote, akawafundisha wengine, na hayakumsaidia kwa sababu hakujihesabu.

Hatutafanya shughuli kubwa. Jumamosi hii nesi atakuwa sebuleni kwetu tangu asubuhi, na mlango utakuwa wazi kwa yeyote. Wenzako wa kazini wameahidi kuja wote, wakae upande wa mgonjwa. Jana shangazi yako aliniuliza mimi nilipimwa lini mara ya mwisho, nami siku ya moto nilikuwa ndani ya nyumba ile ile. Kwa hiyo nitaanza mimi.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako, mdogo wako na mkewe, watoto wao ambao bado wanakutaja kila wanapochomoa plagi, shangazi yako, na wenzako wa kazini.

Hatutakusahau, mwanangu, maadamu tupo. Na safari hii tunataka tuwepo.