Rangi ya Kucha Juu ya Kadi za Posho

Mpendwa Mama Kalenga wa safu ya ushauri gazetini, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana wenzangu hapa Kamalondo wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni Mwenze, mtu mzima mwenye mke na watoto, na ndiye niliyeandika programu ya posho katika kampuni ya shaba ninayofanyia kazi, yaani yale maagizo yanayoiambia ordinateur, ile mashine ya hesabu, kila familia ya mfanyakazi ipewe unga kiasi gani na samaki kiasi gani, na maagizo hayo yako kwenye kadi zilizotobolewa, na aliyezitoboa ni mke wangu, Ngosa kwenye karatasi za serikali, Albertine nyumbani, na ndivyo tulivyojuana, mimi naandika, yeye anatoboa, na hapakuwa na mtu katikati yetu.

Sasa kampuni imeleta mashine mpya ya chapa nyingine, na mashine hiyo haielewi hata agizo moja la ile ya zamani, ukiipa kadi zangu inakaa kimya kama mgeni aliyesalimiwa kwa lugha asiyoijua, basi wakatuletea kijana kutoka Kinshasa wa kuishughulikia, na tangu serikali ilipotuambia tuache majina ya ubatizo na tuitane citoyen, yaani raia, kila mtu kazini anamwita citoyen Mwaba, isipokuwa mke wangu, yeye anamwita kwa jina la ubatizo, Désiré. Mimi mumewe, hapo hapo kazini, ananiita citoyen!

Siku aliyofika, kijana huyo alisema kadi zangu zitupwe, ataandika programu upya. Niliapa sitakanyaga chumba chake cha vioo chenye baridi, na sijakanyaga, lakini Albertine anakanyaga, tena mchana, wakati ambao zamani tulikuwa tunakula pamoja, na rafiki yangu Kasonde akaniambia, "Bibi yako iko paka na ule muntu wa Kinshasa, banacheka," yaani hawabanduki, nikaenda kuchungulia kwenye kioo, nikamwona kweli ameinua kadi kwenye mwanga na yule kijana ameinama karibu na bega lake, na wote wawili meno nje. Nyumbani nilimwuliza, akanijibu bila hata kuinamisha macho: "Désiré amekubali sasa. Kuko bunda moja ya ma-carte, unaitanguliza mu mashine mupya, inajifanya ile ya zamani, kiisha inasoma programme yako yote." Nikamwambia, kumbe unamfundisha mwanaume mwingine kazi yangu. Akaenda kuosha masahani.

Kilichonimaliza ni hiki. Nilimnunulia chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, na alikuwa anaitunza sana, anapaka siku ya sikukuu tu. Juzi nimeikuta tupu kwenye mkoba wake na kucha zake hazina kitu, na kesho yake nikaona kupitia kioo bunda la kadi juu ya meza ya Désiré, mstari mwekundu umekatiza mshazari juu ya bunda lote, rangi ile ile. Najua mstari huo ni wa nini, sote tunauchora ili kadi zikianguka mtu aweze kuzirudisha kwenye mpangilio wake, lakini tunachora kwa kalamu, Mama, si kwa zawadi ya mume.

Basi nikachukua katoni. Kadi zangu zimechakaa na Albertine alikuwa anazitoboa upya, nusu ameshamaliza, na ile nusu nyingine, yenye hesabu za wajane na watoto, nimeibeba mpaka nyumbani na iko chini ya kitanda, na wote wanadhani imepotea. Jumatatu directeur, mkubwa wetu wa kampuni, anakuja kuona kama mashine mpya itaiweza programu, na ikishindikana zinatupwa. Tena Kasonde anasema mke wangu alisimama mbele ya directeur akatamka, "Programme iko ya bwana yangu, itatembea. Kama haitembei, munifukuze miye." Nani alimtuma kunisemea mbele ya mwanaume yule? Mama, wivu unanitafuna. Nizichome kadi hizo, nimwache mke, au nifanye nini?

Mwenze, Kamalondo

*

Mwenze mwanangu,

Majina ya ubatizo nimeyaacha kama ulivyoyaandika. Wa kugombeza anigombeze mimi.

Pole. Wivu ni ugonjwa na wewe umeshikwa vibaya, nakuonea huruma. Lakini huruma yangu inaishia kwenye katoni hiyo. Umelalia posho ya wajane ili kumkomoa kijana mmoja? Huoni haya?

Soma tena barua yako, maana umeiandika bila kuisikia. Aliyetaka kadi zako zitupwe ni nani? Désiré. Siku hizi anayehangaika kuifanya mashine mpya izisome ni nani? Huyo huyo. Kuna mtu alimgeuza, Mwenze, na mtu huyo alitumia saa zake za chakula, humo kwenye baridi, wakati wewe umenuna nje ya kioo. Unasema anamfundisha mwanaume mwingine kazi yako. Ulitaka nani amfundishe, nawe umeapa huingii?

Haya, na lile bunda juu ya meza. Kadi anazozitoboa upya ni za nani? Ni zako, umeandika mwenyewe. Wino unafutika kwa vidole, rangi ya kucha haifutiki. Mkeo aliogopa kazi yako isije ikaanguka ikachanganyika mikononi mwa wageni, akatafuta kitu cha kudumu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Na wewe ulipoona wekundu huo ukakimbilia kuiba katoni.

Kuhusu kumwita Désiré, mwambie tu kwamba inakuuma. Mke si mashine, hahitaji kadi ya kutanguliza ndipo akuelewe. Mwambie kwa mdomo, leo, kabla hamjala. Mwambie pia katoni iko wapi, kabla hajaikuta mwenyewe wakati wa kufagia.

Kuchoma kadi, hapana. Kumwacha mke, hapana. Kesho asubuhi beba katoni hiyo mwenyewe, usimpe Kasonde, mdomo wake umeshakufanyia kazi ya kutosha. Ingia kwenye chumba cha vioo. Msalimie kijana, kaa kando ya mkeo, msomee kadi moja moja azitoboe mpaka ziishe, na Jumatatu usimame naye mbele ya directeur, maana ameweka kazi yake rehani kwa ajili ya jina lako.

Ukitoka, pitia dukani ununue chupa nyingine, nyekundu ile ile. Ya kwanza aliimalizia kwako.

Mama Kalenga