Ufizi wa Mwita

Morotonga, Jumanne, 9 Agosti 1983

Leo sitaficha kitu, hata kosa langu.

Mdogo wangu Mwita, wa miezi mitano, alikuwa na homa na kuharisha. Mimi ndiye niliyemfumbua kinywa na kumwambia bibi, kwa kiburi cha darasa la sita, kwamba naona vivimbe vyeupe kwenye ufizi.

Bibi akasema, "Hayo ni meno ya plastiki. Yasipong'olewa yanaua." Akamwita mzee mmoja, akaja na spoki ya baiskeli.

Nikasema, "Bibi, mwalimu alitufundisha kuwa ni meno ya kawaida, hayajatoka tu. Twende hospitali Mugumu."

"Huyo mwalimu wako amezaa wangapi?"

Yule mzee akacheka. Nikaambiwa nishike miguu ya Mwita wakati mzee akimchimbua ufizi. Nikaishika.

Tangu mchana Mwita hanyonyi, wala halii. Lakini nikimpa kidole, anakishika.

Mama anamwogopa bibi, mama mkwe wake. Kesho nitampa kondakta wa basi la Musoma barua ya kumpelekea baba aliye huko, na nitaomba anijibu kwa basi hilohilo likirudi: Baba, bibi akikataa, unaniruhusu nimbebe Mwita mwenyewe hadi hospitali?