Filamu Isiyo na DJ

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi kali Ruiru nzima. Jua halijatokea tangu katikati ya wiki, na nguo nilizoanika Ijumaa bado zina unyevu.

Leo nilimpelekea Baba televisheni mpya. Nilikusudia kuandika jinsi inavyofanya kazi, kama ninavyoandika hapa kwenye blogu kuhusu majiko ya gesi, simu na spika ninapopumzika na kazi yangu ya kuandika habari za mahakama. Televisheni nitaifikia. Kuna jambo lingine kwanza.

Baba anaishi mtaa wa Kiuu, vyumba viwili katika ploti yenye majirani wengi, peke yake tangu Mama afariki. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo Thika, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukagua kitambaa kikipita mezani mbele yake, akitafuta uzi uliokatika. Alipostaafu bado alikuwa anaona kasoro kwenye sketi ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Na alikuwa anaisema, kwa sauti.

Burudani yake ni moja: filamu za DJ. Kwa wasiozijua, DJ huchukua filamu ya nje, hupunguza sauti yake, kisha huongea juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Anaeleza nani ameingia, nani amechomoa kisu, nani anadanganya, na waigizaji anawapa majina ya huku kwetu. Niliwahi kuandika hapa kwamba ni kama kutazama filamu ukiwa umeketi na mlevi. Wasomaji walinitukana wiki nzima. Utani wa ma-DJ wengi bado siupendi.

Nilidhani Baba anazipenda kwa sababu hazimchoshi akili. Nikaona akipata skrini kubwa na intaneti, atazoea vitu vingine. Jana nikaenda Thika mjini.

Muuzaji alikuwa mchangamfu. "Madam, hii rangi zake zimeiva mpaka macho yataomba likizo," akaniambia. Picha ilikuwa safi kweli. Kitu kimoja tu sikukipenda: rimoti. Ni ndogo, laini kama sabuni iliyotumika, vitufe vichache vinavyofanana vyote ukivigusa. Nikaiweka akilini kama kasoro ndogo.

Leo, kabla ya kufika kwa Baba, nilipitia kwa Njoro. Njoro ana kibanda cha filamu karibu na geti la ploti; unampa flashi, anakujazia. Baba hukaa kwenye benchi lake karibu kila siku. Njoro anamwita guka, yaani babu, kama anavyowaita wazee wote kwa Kikuyu, ingawa Baba ni Mbukusu na humjibu kwa Kibukusu ili kumkomoa.

"Siz, huyo guka wako atanimaliza," Njoro akasema.

"Amefanya nini tena?"

"Nimempea movie poa, DJ mpya. Amerudisha. Ati DJ analala. Ati watu wanapigana na DJ amenyamaza kama ako kanisani. Nikamwambia, guka, si uangalie tu? Akaniuliza, kuangalia ni kazi yangu ama ya DJ?"

Tulicheka wote wawili. Nakumbuka hilo vizuri, kwamba nilicheka.

Kisha akanipa flashi. "Hii ni part two ya ile amengoja. DJ hajaifanya bado. Nimemwekea hivyo tu, na maandishi chini. Mwambie asinirudishie."

Baba alikuwa amevaa koti na kofia ya sufu ndani ya nyumba. Akanisalimia, nikampa ujumbe wa Njoro kuhusu flashi, akasema atapika chai, akakataa nimsaidie. Nikaiweka ile televisheni mezani, ya zamani yenye mgongo mnene nikaishusha sakafuni. Nikaiwasha ile mpya. Ukatokea ukurasa mweupe wenye orodha ya lugha, nichague moja. Nilikuwa bado nahangaika na rimoti.

Kuta za ploti ile ni nyembamba. Jirani alikuwa na televisheni yake, mhubiri anahubiri kwa nguvu.

Baba akaja na vikombe, akaketi, akaelekeza uso kwenye skrini.

"Aah, Nekesa. Hiki sasa ni kitu," akasema. "Hata tai ya mhubiri inaonekana vizuri."

Nikatazama skrini. Orodha ya lugha.

Nikamtazama Baba. Alikuwa anatabasamu, akiitikia kwa kichwa.

Katika kazi yangu, shahidi akisema jambo ambalo haliwezekani, sibishani naye. Narudi nyuma nitazame mengine aliyosema. Rimoti ya zamani ilikuwa na kipande cha plasta juu ya kitufe kimoja. Nilidhani kitufe kimelegea. Chai anaimimina huku ncha ya kidole ikiwa ndani ya kikombe; nilidhani ni tabia ya mwanamume aliyebaki peke yake jikoni. Na nilipokata nywele zangu wakati wa Pasaka, nywele nilizofuga tangu chuoni, mzee yule asiyeachia sketi ya mtu barabarani hakusema neno. Nikajiambia uzee umempa adabu.

Vyote nilikuwa nimeviona, na kila kimoja nilikuwa nimekitafutia sababu.

"Baba, tai ya mhubiri ni ya rangi gani?"

"Nyekundu," akajibu haraka.

"Hakuna mhubiri hapa. Huyo ni wa jirani."

Akatafuta ukingo wa meza kwa mgongo wa mkono, akaweka kikombe. Ng'ambo ya ukuta mhubiri akaendelea kuomba sadaka.

"Umeanza kunihoji kama mwizi wa kuku," akasema.

"Tangu lini?"

"Jicho la kushoto lilianza Mama yako akiwa bado hai. Hili lingine likawa linanibeba. Sasa wewe hapo nakuona kama mtu amesimama nyuma ya pazia. Najua ni wewe kwa sababu ya vile unatembea."

Ni presha ya macho. Daktari alimwambia zamani, akampa dawa ya matone ya kila siku, na kumweleza kwamba kinachopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Alitumia hadi Mama alipolazwa. Akaacha, na baada ya mazishi hakurudi tena kliniki. Hakunieleza sababu. Sikuuliza, mimi ninayelipwa kuuliza.

Niliuliza jingine: kwa nini alituficha.

"Wafula akijua, kesho niko kwa basi."

Wafula ni kaka yangu mkubwa. Amejenga Bungoma, nyumba nzuri yenye veranda, na amemwekea Baba chumba. Kila simu humwambia arudi nyumbani akapumzike. Anasema kwa mapenzi na simlaumu. Lakini Baba hajawahi kuishi katika nyumba ile. Kiuu anaijua kwa miguu: mtaro uko wapi, mlango wa kanisa, benchi la Njoro, mama anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe, ambaye humwambia "muthee, leo umechelewa".

"Huko nitakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka choo," akasema. "Hapa mimi ni Mzee Barasa. Nikipotea hata mbwa wa hapa ataniuliza naenda wapi."

 Nilimwambia tu kwamba Jumanne tunaenda kliniki, mimi na yeye, na hilo halina mjadala. Akanyamaza. Nikachukulia kimya kile kama ndiyo, kisha nikakumbuka nilivyokichukulia kimya chake siku nyingine.

"Ndiyo ama hapana?"

"Ndiyo, bwana. Sasa weka flashi ya Njoro."

"Haina DJ, Baba."

"Najua. Wewe si una mdomo?"

Kwa hiyo nilichagua lugha, nikachomeka flashi, nikasogeza kiti karibu naye. Baba akanieleza sehemu ya kwanza ilipoishia: Otieno amefungiwa godauni na shemeji yake, na dada yake hajui. Kwenye skrini palikuwa na mwanamume mwembamba wa China ya kale, joho la hariri, upanga umelala mbali naye. Huyo ndiye Otieno.

"Mwanamume ameketi sakafuni," nikaanza. "Mikono imefungwa nyuma. Kuna dirisha moja upande wa kulia."

"Hiyo ni ripoti ya polisi. Ana hasira ama analia?"

Nikatazama tena. "Ana hasira. Lakini macho yana maji."

"Haya, sasa umeanza."

Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ukieleza mlango, watu wameshapigana na kumaliza. Ukisoma maandishi ya chini, unakosa uso wa anayesema. Nilisema "anampiga" mara nyingi mno, na kila mara Baba akauliza, na nini? wapi? ameanguka ama amesimama? Shemeji alipoingia na taa, nikasema ameingia mtu. Baba akanikemea kwamba mtu ni nani, mtu hata yeye ni mtu. Neno langu kuhusu mlevi naliondoa. Yule DJ anayefanya kazi hii kwa filamu nzima, bila kupumzika, amekuwa macho ya baba yangu nami nikimtukana kwenye blogu.

Karibu na katikati, dada yake Otieno aliketi mbele ya kioo.

"Anachana nywele," nikasema. "Ndefu, zimefika kiunoni. Anachana polepole."

Baba akanigeukia.

"Na wewe siku hizi umesuka nini?"

"Nilinyoa, Baba. Wakati wa Pasaka."

"Zote?"

"Zote."

Akanyoosha mkono, akapapasa kichwa changu kutoka kwenye paji hadi kisogoni, bila haraka, kama mtu anayekagua kitambaa. Kisha akaurudisha mkono kwenye goti.

"Mama yako angegombana na wewe," akasema. "Endelea. Amemaliza kuchana?"

Nikamwambia bado.

Sasa ile televisheni, kwa waliokuja kusoma hilo. Picha ni safi. Sauti ni hafifu, inatokea mgongoni na kugonga ukuta. Rimoti ni mbaya kabisa. Aliyeibuni hakufikiria kwamba mtu anaweza kuitumia kwa vidole peke yake. Pale kwa Baba ingefaa spika nzuri na rimoti yenye vitufe vikubwa. Nilimwambia nitairudisha televisheni dukani. Akakataa. "Iache. Majirani wakija waone," akasema. Nimebandika plasta kwenye kitufe cha kuwasha.

Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi mlangoni, mkono ukiwa ukutani. Sasa naona mkono huo. Sijui umekuwa ukutani tangu lini.

"Wafula mwambie wewe," akasema. "Mimi sitaki kusikia sauti yake ikibadilika."

Nimerudi nyumbani kwangu, mtaa wa Kahawa Sukari. Nimeshika simu mara kadhaa na kuiweka. Kuandika ndiko ninakoweza, na Wafula husoma hapa kila Jumatatu asubuhi akiwa kazini, kabla wateja hawajaingia. Nilimwuliza Baba kama naweza kuandika. Akasema niandike, mradi niseme kwamba tai ingeweza kuwa nyekundu.

Basi Wafula, hayo ndiyo niliyoyaona leo. Nipigie mimi kwanza. Jumanne nitajua daktari anasema kilichobaki ni kiasi gani, nawe utajua saa hiyo hiyo. Habari ya basi tuiweke kando hadi tuongee sisi wawili, na tukimaliza tumuulize mwenyewe, tungoje ajibu kwa mdomo.

Ukimpigia yeye, muulize Otieno alitoka vipi godauni. Mwache akusimulie yote. Ongea kama unavyoongea siku zote, Wafula. Atakuwa anasikiliza.