Mizani ya Baba

Gilgandra,
Jumapili, 9 Machi

Kaka Desmond mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Hujambo na baridi ya Tasmania? Na goti lako je, limekubali kupanda ngazi au bado linakugomea? Sisi wazima, ila nzi wamezidi mwaka huu, na mvua tunaisikia redioni tu.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Tulipogawana vitu vya Baba, mimi nilichukua bunduki na daftari lake la vipimo vya baruti. Tangu hapo kila Jumamosi niko uwanja wa shabaha. Risasi nazijaza baruti mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, nikifuata daftari namba kwa namba. Kwa vipimo hivyohivyo Baba alikuwa akipiga matundu matano ukayafunika kwa kizibo cha bia. Yangu yanatawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

Wanaume wa klabu wameshatoa hukumu kwamba mtutu umekwisha. Fundi anakuja tarehe 22 kuung'oa na kuweka mwingine. Nililia, Des, sikufichi. Bila mtutu ule, hiyo ni bunduki tu, si ya Baba.

Lakini unanijua, swali likinipata silali. Nilijaribu asubuhi, nikajaribu mchana. Nikabadili maganda ya risasi, nikabadili baruti, kila mara kitu kimoja tu ili nijue mkosaji ni nani. Wapi!

Jana Noeline, yule mama anayeandika alama za klabu, alipita kwangu kunywa chai akanikuta napima baruti.

"We Lorna, hiyo mizani ya betri umeitoa wapi?"

"Dukani. Ya Baba anayo Des."

"Ile yenye kipande cha bati?" Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mwenzangu! Baba yako aliiangusha mwaka wa mafuriko, mkono wa mizani ukapinda. Akaibandika bati, akasema imepona. Haijasema kweli tangu siku hiyo! Ila uongo wake ni uleule kila siku, basi wakaelewana."

Kumbe namba za daftari ni za mizani ile peke yake! Imepotoka kwa kiasi gani, sijui, na kubahatisha siwezi. Baruti ikizidi hupasua bunduki na uso wa mwenyewe. Jibu liko kabatini kwako.

Nakumbuka nilivyokusema siku ile ya kugawana, kwamba unang'ang'ania chuma kibovu ili kunikomoa tu. Tangu hapo ni miaka miwili hatujaonana. Nisamehe, kaka yangu. Ulichukua nusu ya bunduki, na wote wawili hatukujua.

Usiitume mizani kwa posta, wataitikisa. Ilete mwenyewe kabla ya tarehe 22, uipakate kwenye ndege. Tutajaza risasi tano pamoja, na mtutu utajitetea wenyewe. Kitanda chako nimeshakitandika.

Nisalimie wifi Heather na Bronwyn wangu. Mwambie shangazi yake bado anamwekea keki za nazi. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, mkaidi lakini anakupenda,
Lorna

Nilisahau: najua mikono yako haitulii. Tafadhali usiitengeneze. Iache idanganye vilevile Baba alivyoiacha.