Uso Uliobusiwa

Neema mjukuu wangu,

Hapa Shively tuko wazima, ingawa nyumba imepoa tangu babu yako atutoke.

Unauliza ni nani aliyefuta uso wa mtakatifu katika kile kitabu cha kale ulichokiona makumbusho huko Buffalo, ilhali dhahabu ya picha hiyo bado inang'aa.

Nadhani ni midomo. Kule Bukavu, mama yangu alibusu picha ya mtakatifu wake kila jioni, mpaka uso ukabaki kama ukungu. Nikiwa msichana, niliuchora upya kwa kalamu ili nimfurahishe.

"Bon, haya, na huyu ni nani?" akauliza, machozi yakimlenga. "Yule wangu, mimi nilikuwa namwona."

Mjomba wako wa Columbus anataka kunitengenezea picha mpya ya babu yako, maana hii niliyo nayo imefifia usoni. Wewe anakusikiliza, mwambie aiache. Bado namwona.

Nyanya yako